Pori la Bami Juu ya Karuba

Nilipoolewa kilimani, juu ya kijiji cha Karuba, kitu cha kwanza nilichofundishwa ni mahali ambapo sitakiwi kutafuta kuni. Nyuma ya shamba letu la maharagwe kulikuwa na pori zito, lenye miti minene ambayo watu wawili wasingeikumbatia, na ndani yake walilala bami, yaani watawala wetu wa zamani. Humo haingii mtu ila siku ya kumzika mwami, yaani mtawala. Hata tawi lililoanguka lenyewe linaachwa lioze. Kwa hiyo kila jioni nilipita kando ya kuni zote zile na mzigo wangu mgongoni, nilioutoa mbali, kamba ikinikata paji la uso, nikinung'unika kimoyomoyo.

Mlinzi wa pori alikuwa baba mkwe. Jina lake sikuwahi kulitamka, maana kwetu mke hamtaji baba wa mumewe, na hata hapa sitalitaja. Alikuwa mkavu, mkaidi, tena mwenye kunyamaza mpaka unajiona mjinga kwa kuwa umesema. Nilimwogopa na nilimheshimu kuliko padri.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Feremu, shamba kubwa la ng'ombe lililokuwa chini ya kilima, ilianza kupandisha seng'enge kuja juu, na mwenye feremu alisema pori lile ni ardhi ya bure, halina mtu. Wazee wakashtaki mpaka mjini. Jibu likaja kwamba Leta, ndivyo tulivyoita serikali, itamtuma ajenti aangalie kama pori linastahili kuwekwa kati ya mahali pa kumbukumbu ya nchi nzima, pasikatwe wala pasiuzwe. Akiona pana maana, seng'enge ingesimama. Akiona vichaka tu, ng'ombe wangelala juu ya bami.

Basi tukafanya kosa la watu wa kilimani. Mgeni akija, sisi tunafagia. Majani yakionekana uani ni aibu ya nyumba nzima. Asubuhi ambayo ajenti alitarajiwa kupanda kwetu, vijana walikuja na mapanga na sisi wanawake na mafagio, mimi nikiwa wa mbele, twende tukalisafishe pori lipendeze machoni pa Leta, mwiko tukiuweka kando kwa siku moja. Tukamkuta baba mkwe ameketi kwenye kinjia cha kuingilia, mgongo wake kwenye mti mmoja, miguu ameinyoosha mpaka mti wa pili. Kwetu mtu haruki miguu ya mzee. Ukiiruka umemvunjia heshima aliyekuzaa na aliyemzaa. Tukasimama pale na mafagio yetu kama watu waliokosea msiba.

"Papa, mugeni iko anakuja," mume wangu alisema kwa upole. "Ataona nini mu haya majani?"

"Ataona majani."

Bado tulikuwa tunatazamana pale ajenti alipofika, akitoka kijijini chini alikolala usiku wa jana yake. Alikuwa kijana wa Walikale, kwenye misitu mikubwa, amevaa suti na viatu vya ngozi ambavyo matope yetu yalikuwa yameshavionja. Alisalimia vizuri, akaomba kuingia ayaone makaburi. Baba mkwe akasema hapana. Akauliza yako mangapi. Akauliza nani alizikwa wa kwanza. Baba mkwe akainyoosha miguu zaidi.

"Sasa Papa, nisipoingia, nitaandika nini?"

"Hiyo iko kazi yako, mutoto wangu."

Damu ilinichemka. Niliona seng'enge ikipita katikati ya maharagwe yangu, niliona ng'ombe wakikuna migongo yao kwenye miti ile, na yote kwa sababu ya ukaidi wa mzee mmoja. Laiti asingekuwa mkwe wangu, ningemvuta miguu ile kwa mikono yangu mwenyewe.

Ajenti aliiangalia miguu. Alikuwa na viatu vyake na mamlaka yake, na miguu ya mzee ilikuwa myembamba. Angeweza kuivuka kwa hatua moja, na sisi tusingethubutu kumgusa. Badala yake alirudi nyuma polepole mpaka nje ya kivuli cha miti, akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua. Kisha akaketi chini kwenye majani yenye umande, na suti yake, akimwelekea mzee.

"Papa," alisema, "jana magaribi nilizunguka kijiji muzima. Nilitafuta muntu wa kuniingiza huku kwa njia ingine. Ule mulevi wenu, nilimunulia pombe ya kasiksi. Akakunywa yote, akakatala. Kama leo ungeniacha niingie, ningeandika kama iko pori tu."

Mlevi yule alikuwa ameshauza jembe la mke wake na mlango wa nyumba yake. Niliposikia kwamba hili alikataa kuliuza, machozi yalinitoka mbele ya baba mkwe, jambo ambalo mke wa mwana halifanyi, na sikuyafuta.

Ajenti akainuka, bado miguu mitupu.

"Na mupaka, Papa, niweke wapi?"

Baba mkwe alionyesha kwa kidevu.

"Pale ulivulia viatu."

Jiwe la mpaka likapandwa pale pale. Seng'enge ya feremu ilipofika, ilipinda.