Chumvi ya Baraka na Jicho Langu la Kushoto

Mimi ni Henri, mwana wa Adolphe Ukumu, katekista wa Mahagi, mjukuu wa Unega, ambaye watu walimletea ugomvi wa mipaka ya mashamba wakarudi makwao wameshikana mikono. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuitwa mwongo. Nisomeni bila shaka.

Asubuhi moja, hapa mtaa wa Bigo, mjini Bunia, nilikuwa nanawa uso. Sabuni ikaniingia jicho la kulia, nikalifumba.

Dunia ikazimika.

Jicho la kushoto lilikuwa wazi kabisa. Halikuuma, halikutoa chozi. Lakini halikuona hata beseni lililokuwa mbele yangu.

Nikamwita Médard, mwanangu wa kwanza. Akaja na mkewe, Arlette.

"Papa, twende hospitali sasa hivi," akasema Arlette. "Hii ni tension."

"Weye nyamaza!" Médard akamkaripia. "Tangu Pasaka unapikia papa bila chumvi. Nani anaogopa chumvi? Mulozi, muchawi!"

Daktari ndiye aliyekuwa ameamuru chakula kisicho na chumvi, kwa ajili ya hiyo tension, yaani shinikizo la damu. Nilimkumbusha Médard. Akanicheka.

"Papa, ulisoma kwa mapadri, lakini mambo ya giza haujui."

Nikabebwa kama gunia hadi chumba cha maombi cha nabii ambaye Médard anamfuata. Huko nilinyweshwa maji ya chumvi ya baraka, kikombe baada ya kikombe. Vidonge vyangu vikatupwa chooni.

Niliporudishwa nyumbani nikaletewa sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikaonja. Chumvi tele.

Hapo nikajua kwamba Arlette hayupo.

"Nimemurudisha kwao, kijijini Shari," Médard akasema, kifua mbele. "Sasa jicho itafunguka."

Halikufunguka. Badala yake, jicho la kulia nalo likaanza kuona ukungu.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilipanda pikipiki kwenda hospitali. Médard alinifuata, si kwa huruma, bali kwa kuwaonea haya majirani.

Daktari alinipima shinikizo la damu mkononi, akanitia matone machoni, akachungulia macho yangu kwa taa yake ndogo. Akaizima.

"Muzee, mushipa wa nyuma ya jicho ya kushoto uliziba. Ile imekwisha. Na hii ingine, damu inaanza kuvuja ndani. Tension iko juu sana. Nani anakupikia?"

Nikamgeukia Médard.

"Jibu, nabii."

"Muke wangu alikuwa anapika bila chumvi," akasema. "Nilimurudisha kwao."

"Chumvi, hapana tena," daktari akasema. "Ule mwenye alikuwa anakupikia bila chumvi, ndiye alikuwa analinda macho yako."

Nikaenda Shari mwenyewe, jambo ambalo baba mkwe wa kwetu hafanyi. Arlette akapiga magoti, akanisalimu kwa heshima yote, akaniwekea kiti.

"Binti yangu, rudi."

"Papa, weye nakupenda. Lakini kesho mutoto akiugua pale nyumbani, watasema ni nani?"

Mwana wa Adolphe Ukumu, aliyeimba misa kwa Kilatini, nikarudi Bunia peke yangu.

Siku hizi najipikia. Jicho moja litabaki, nikimtii daktari. Médard bado anafunga na kuomba ili lile jingine lifunguke. Hadi leo hajamwomba mkewe msamaha.

Ninyi vijana, jicho likizimika ghafla, hata bila maumivu, kimbilieni hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu akimwita mwanamke mchawi mbele yenu, msinyamaze eti kwa kuwa anayesema ni kaka yenu mkubwa.

Sisemi haya ili mnihurumie. Nasema ili mtii.