Gesi ya Bweni la Wavulana

Mwanne alipika kwa kuni katika bwalo la chuo miaka mingi, hata daktari, kila alipomsikiliza kifua, alimuuliza anavuta sigara gani. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mjane, na hajawahi kushika sigara maishani. Kwa hiyo Injinia Batholomeo wa ofisi ya mipango alipomwambia chuo kinajenga jiko la gesi lisilo na moshi, alikuwa na swali moja tu.

"Gesi yenyewe inatoka wapi?"

"Bweni la wavulana, mama."

"Wanauza gesi?"

"Hapana. Vyooni."

Mwanne akamtazama aone kama anatania. Batholomeo hakuwa mtu wa utani. Alimpeleka nyuma ya bweni, akamwonyesha shimo la zege ambamo uchafu ungechacha, gesi ipande kwenye bomba, na maji yanayobaki yamwagilie miti. Dodoma maji ni ya shida. Chuo kilikuwa kimeamua kutopoteza kitu.

Jioni Mwanne alikwenda kwa imamu wa mtaani kwake Area D, Shehe Hashimu, akamweleza yote.

"Huo uchafu unagusa chakula?"

"Haugusi, shehe. Moto ndio unagusa sufuria."

Shehe alifikiri kidogo, akasema moto ni moto. Kisha akauliza Ijumaa wanapika nini.

Jiko likakamilika. Siku ya kwanza Mwanne alipika pilau katika chumba cheupe kisicho na moshi, na bado machozi yakamtoka. Ndipo akajua kwamba muda wote ule mengine yalikuwa ya vitunguu. Wanafunzi walikula, wengine wakarudia.

Wiki iliyofuata Batholomeo akasimamisha bango mlangoni pa bwalo. Lilikuwa na mchoro wa rangi: kijana amekaa chooni, mshale, shimo, mshale, sahani ya wali.

Mchana ule hakuingia mtu. Wanafunzi walipanga foleni kwa wauza chipsi nje ya geti. Mwanne alikaa kati ya sufuria zilizojaa, akaona aibu kama aliyealika harusi na wageni wasitokee. Akavua aproni, akaenda ofisini.

"Injinia, naomba usielimishe tena."

"Mama, watu wana haki ya kujua."

"Wameshajua. Sasa wana njaa. Hilo bango lipeleke kule shimoni. Anayetaka kujua atalifuata."

Batholomeo alitafakari, akakiri kwamba kitaalamu shimoni ndipo mahali pake. Akalihamisha mwenyewe. Mwanne akamwambia bado hajamaliza: kuanzia kesho injinia atakula naye bwaloni, meza ya katikati, mbele ya watu.

Siku kadhaa walikula wao wawili tu, huku madirisha yakiwa wazi na upepo ukipeleka harufu ya vitunguu hadi mabwenini. Hatimaye akaingia mwanafunzi mmoja, Kefa, akisogea kama anayeingia chumba cha mtihani.

"Shikamoo mama. Hiki ndicho kile chakula cha…?"

"Marahaba. Ndicho. Nikuwekee na nyama?"

Kefa aliangalia nyama.

"Niwekee."

Kesho yake alikuja na wenzake wa chumbani, na kabla ya mitihani viti vilikuwa havitoshi tena.

Likizo ilipofika wavulana wakaenda makwao, na moto ukaanza kufifia. Mwanne akamuuliza Batholomeo watarudi lini.

"Oktoba, mama."

"Mungu awarudishe salama," akasema Mwanne, "na awape hamu ya kula."