Nilifuta Picha za Hadija Kwenye Tovuti ya Mama Yake

Admin, shikamoo. Naomba usiweke jina langu wala la shule yangu. Majina ya humu nimeyabadilisha.

Nina miaka kumi na saba, nasoma mwaka wa tano wa sekondari hapa Kigali. Kiswahili nimekipata kwa baba, aliyekulia Karagwe, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Sijaiba na sijapata mimba, kama visa vingi ninavyosoma hapa. Lakini leo ni siku ya tisa sili vizuri, na nyumbani wanadhani ni mitihani.

Jirani yetu hapa Rwezamenyo ni fundi cherehani, nitamwita Mama Hadija. Anashona mishanana, yale mavazi ya kike ya Kinyarwanda ya kuvaa harusini. Hadija alikuwa binti yake wa pekee. Kila nguo mpya ilipomalizika, Hadija ndiye aliyeivaa akapigwa picha mlangoni kwa simu ya mama yake, ili wateja waione. Alifariki mwaka jana, kwa homa iliyomkalia siku tano tu. Simu yake mwenyewe haijulikani ilipotelea wapi.

Mwanzoni mwa mwaka huu, kwenye kituo kimoja cha vijana Kimisagara, tulifundishwa kutengeneza tovuti kwa mfumo wa bure, ule usiohitaji kuandika msimbo. Unachagua muundo, unapakia picha, unaandika maneno, unachapisha. Mwalimu alitaka kila mmoja amtengenezee mtu wa mtaani kwake mwenye kazi ya mikono. Nilimchagua Mama Hadija, nikapakia picha zote zilizokuwa kwenye simu yake. Siku tovuti ilipofunguka, aliishika simu kwa mikono miwili.

"Yoo, mwanangu! Hadija iko mu intaneti?"

"Ndiyo, mama. Hata mtu wa Ulaya anaweza kumwona."

"Na hawezi potea?"

"Hawezi, mama. Simu ndiyo inapotea. Huku yuko salama."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma kuyasema. Na kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa mpaka ujumbe wa wateja hauingii, nilimshauri tuzifute picha kwenye simu, maana ziko kwenye tovuti. Akanikabidhi simu. "Fanya wewe, wewe ndiye umesoma." Nikafuta.

Tangu hapo, kila Ijumaa akitoka msikitini huniita nimfungulie ukurasa, kwa sababu hajui kusoma. Hatazami nguo. Anapenda zaidi picha moja ambayo Hadija anacheka mpaka pengo lake la mbele linaonekana. "Mwangalie huyu mjinga, ananicheka mimi! Siku ile nilivaa viatu viwili havifanani." Naye hucheka peke yake.

Jumanne ya wiki iliyopita nafasi ya bure ilikuwa karibu kujaa, nami nilitaka kuweka nguo mpya. Kwenye maktaba ya picha kuna mahali pa kuchuja picha "zisizoambatishwa". Nilidhani maana yake ni picha zisizotumika popote. Nikazichagua zote. Mfumo ukaniuliza kama nina uhakika, kwamba zikifutwa hazirudi. Nikabofya ndiyo. Kumbe picha ukiipakia kwanza kwenye maktaba, halafu ukaiweka kwenye ukurasa baadaye, mfumo unaweza kuihesabu haijaambatishwa hata kama iko pale inaonekana. Za Hadija zote nilizipakia hivyo.

Nilipofungua ukurasa nilikuta visanduku vitupu, na ndani yake maelezo niliyoyaandika kwa ajili ya wasioona, kama mwalimu alivyotufundisha: "Msichana anacheka, amevaa mshanana wa kijani." Maelezo yamebaki. Msichana hayupo.

Nakala ya akiba sina. Mwalimu alitukumbusha kila somo, nami niliandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, lakini sikufanya. Nimewaandikia wenye huduma, wamejibu kwa adabu kwamba tovuti za bure hazihifadhiwi nakala. Kwenye simu, sehemu ya picha zilizofutwa imeshajisafisha. Rafiki za Hadija walikuwa wakiziweka status tu, zikapita. Mmoja anasema dada yake aliye Huye huenda anayo moja. Nimemwandikia huyo dada mara tatu. Bado hajajibu, lakini naangalia kila mapumziko.

Rafiki yangu wa darasani, nitamwita Diane, aliniambia, "Wewe unalia nini? Chukua picha ya kitambulisho chake, iambie akili bandia imfanye acheke. Hata pengo tutaliweka. Mama mwenyewe macho hayaoni vizuri."

"Diane, ni mama yake."

"Haya, kamwambie ukweli basi, tuone."

Nakiri kwamba nilijaribu. Alitoka msichana mzuri sana, anatabasamu, na sikumfahamu. Nikamfuta huyo pia.

Ijumaa iliyopita Mama Hadija aliniita kama kawaida. Nikamdanganya, "Leo intaneti haifanyi kazi, mama." Hakukasirika. Alinipa kipande cha chapati akasema, "Basi tutamwangalia Ijumaa ingine, mwanangu. Yeye iko pale tu, haendi popote."

Ijumaa nyingine ni keshokutwa. Nimeamua kumwambia, ila kila nikijaribu kupanga maneno, napata sentensi ya kwanza tu: "Mama, nimekuja kukwambia jambo." Ya pili sina. Wengine mtaniambia nimsubiri dada wa Huye, wengine mtanitukana, na sawa, nitasoma yote. Lakini najua humu kuna mama aliyezika mtoto wake. Mama, nakuomba wewe hasa unishauri. Kama mimi ndiye ningesimama mlangoni kwako keshokutwa, ungetaka nikuambie vipi?