Fizi za Mama

Miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, mama yangu alikuwa akiwafundisha wasichana Kurani barazani kwetu, Kabambare. Alisoma kwa sauti nzito, ya taratibu, na wapita njia walikuwa wakisimama kumsikiliza. Kisha akaanza kufundisha huku mtandio umemfunika mdomo, nami nikaona wasichana wanajisogeza nyuma kila anapoinama kuwasahihisha.

Nilikuwa nimerudi kwake kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Mume wangu alikuwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Asubuhi moja nilimkuta Mama nyuma ya jiko akitema damu. Nikambembeleza mpaka akafungua kinywa. Fizi zilikuwa zimevimba, usaha unatoka katikati ya meno, na meno ya mbele yanacheza.

"Tangu lini, Mama?"

"Usiambie mutu," akasema. "Watasema mwalimu wa Kurani ameoza kinywa."

Nikampeleka dispansari. Muuguzi akamdunga shindano, kama tunavyoita sindano, la penisilini, dawa ambayo wakati ule watu waliamini inaponya kila kitu. Uvimbe ukashuka, Mama akavua mtandio, akacheka na wanafunzi wake. Lakini kabla mpunga haujaiva usaha ulikuwa umerudi. Akapigwa shindano tena, ukapoa, ukarudi. Naye alikuwa anakonda, anakunywa maji na kiu haimwishi.

Ndipo tukapanda lori la mfanyabiashara mmoja kwenda Kasongo, tumekaa juu ya magunia, mtoto wangu mchanga mgongoni. Hospitalini, msaidizi wa daktari, mtu wa huku kwetu, alichukua mkojo wa Mama, akauchanganya na dawa ya buluu, akauchemsha. Ile buluu ikageuka rangi ya tofali.

"Mama, sukari iko mingi mu mwili yako," akasema. "Ndiyo inafanya fizi zisipone. Penisilini peke yake itatuliza tu. Lazima tutoe uchafu wenye kuganda chini ya fizi, na sukari ishuke. Bila hivyo utapoteza meno yote."

"Na Ramadhani?" Mama akauliza.

"Kufunga, hapana."

Mama akanigeukia mimi kwa hasira, kana kwamba ni mimi niliyetamka.

Sista mmoja mzungu alimkwangua meno kwa chuma chembamba kilichopinda ncha. Vipande vigumu kama changarawe vilidondoka ndani ya beseni. Meno mawili yaling'olewa. Penisilini ikafuata, na insulini ya kushusha sukari kila asubuhi. Safari hii fizi zilifunga kweli, na ile harufu ikaisha.

Mimi nilidhani tumekwisha kupona. Lakini Kabambare insulini haikuwako, na barabara wakati wa mvua haikuaminika. Tukabaki Kasongo kwa mjomba wangu. Sista akanifundisha kupiga shindano, na kila asubuhi nikawa namdunga Mama pajani. Wasichana wake wakapewa mwalimu mwingine. Mama akaambiwa hivyo. Aliinuka akaenda kufagia ua uliokuwa umekwisha kufagiwa.

Mume wangu alituma watu kuniita mara nyingi, kisha akaja mwenyewe.

"Nitakaa bila mke mpaka lini?"

"Nani atamdunga nikiondoka?"

"Una ndugu."

"Ndugu zangu wanaogopa shindano."

Alimbeba mtoto, akamwangalia sana, akamrudisha mikononi mwangu. Baada ya msimu wa mvua tukapata habari kwamba ameoa mke mwingine huko Salamabila.

Mimi sikulia. Aliyelia ni Mama. Asubuhi iliyofuata nilichemsha shindano kama kawaida, nikamkuta amejifunga kitenge kwa nguvu, amegeukia ukuta.

"Acha, mwanangu. Rudi kwa mume wako, hata kama mko wawili."

"Mama, funua mguu."

"Nimekataa."

Nikakaa chini kando ya kitanda, shindano mkononi, mtoto akitambaa sakafuni kati yetu. Jua lilikuwa limefika mlangoni alipolegeza kitenge, bila kunitazama.