Shikamoo Niliyopita Nayo Pangani

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na nikiandika naandika polepole. Mimi si mzee. Lakini nikingoja nizeeke ndipo niliseme jambo hili, wewe mdogo wangu utakuwa umeshakosea kama mimi.

Ipo siku naikumbuka hata nikiwa nachambua mchele. Ilikuwa Ijumaa Kuu asubuhi, nyumbani kwetu Mabwerebwere, Kilosa. Kwaya yetu ilikodi Kosta kwa siku zote za Pasaka, twende kuimba Tanga kwa kufuata barabara ya pwani. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari.

Babu yangu alizaliwa upande wa Pangani. Aliletwa Kilosa akiwa mtoto, baba yake alipokuja kukata mkonge. Dada yake mkubwa alibaki huko na bibi yao, akaolewa huko huko. Walikuwa hawajaonana miaka mingi.

"Mke wangu," Babu aliniambia, maana ndivyo anavyotutania wajukuu wake wa kike, "kabla ya kivuko cha Pangani utaona mashine ya kusaga yenye bati la bluu. Nyumba iliyo nyuma yake ni ya dada yangu. Shuka, piga magoti, mpe shikamoo yangu. Halafu uniletee jibu lake."

Nilishangaa kwa nini asipige simu, maana mtoto wa yule bibi anayo. Sikuuliza. Kwangu mimi kuuliza ni kazi.

Tulipitia Mikumi kuchukua wenzetu. Tembo walikuwa kando ya barabara na hakuna aliyegeuka kuwatazama, kila mtu anawaza bahari. Tulilala Bagamoyo. Asubuhi nilipoomba maji ndani ya gari, dada mmoja wa sauti ya pili akapaza sauti: "Jamani, bubu kaongea! Andikeni tarehe!" Gari zima likacheka. Nikarudisha chupa bila kunywa.

Mchana bahari ikaonekana kati ya minazi, ikapotea, ikaonekana tena. Sikujua kwamba maji yanaweza kukufanya umkumbuke mtu ambaye hujamwona. Tulisimama mara tatu kupiga picha. Mara ya nne hatukusimama, kwa kuwa mwalimu wa kwaya alitaka tuwahi kivuko. Na hapo ndipo nilipoliona bati la bluu. Nyuma yake ilikuwepo nyumba, na barazani alikuwa amekaa mtu.

Neno lilikuwa moja tu: "Shusha!" Nililishika mdomoni mpaka nyumba ikabaki nyuma.

Kurudi tulipita Segera, njia nyingine kabisa. Nikajiambia kwamba jibu la shikamoo linajulikana, hata nisipolisikia.

Babu alikuwa mlangoni, amenyoa ndevu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Na yangu je, imefika?"

"Imefika. Kasema marahaba, tena kafurahi sana."

Akanitazama. "Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, Babu."

Akakaa kwenye kigoda. "Dada yangu hasemi tangu apatwe na kiharusi. Mwanawe aliniambia kwamba ukimwamkia, anakuwekea mkono kichwani. Nilitaka uje na kichwa chako, nami niguse pale alipogusa. Nilikutuma wewe mtu wa maneno machache, nikijua mtaelewana."

Hakunifokea. Aliingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Nilimwahidi nitakwenda tukishavuna mahindi. Mahindi hayajakomaa, simu ikaja kutoka kwa mtoto wa yule bibi. Nikasafiri na Babu kwa barabara ile ile, bahari ikiwa mkono wa kulia, naye hakuacha kuitazama. Tulikuta wameshazika. Babu akapiga magoti kaburini, akasema, "Shikamoo, dada." Akabaki ameinamisha kichwa muda mrefu. Nilisimama nyuma yake na mikono yangu miwili, nisithubutu kuinyoosha.

Mdogo wangu, ukitumwa salamu na mtu mzima, simamisha gari. Watakucheka, na wakichoka watanyamaza. Na kama umeshindwa, sema siku hiyo hiyo kwamba umeshindwa, ili atumwe mwingine wakati yule mtu bado yupo barazani. Usimtungie jibu lake. Hujui analitoaje.

Mungu akupe sauti siku utakayoihitaji, na wakubwa zako wapate nafasi ya kukuwekea mkono kichwani.

Ukifika hapa, naomba uniandikie. Hata mistari miwili inatosha, na mwandiko mbaya haunisumbui. Niambie ulitumwa kumsalimia nani, na kama ulishuka.