Baba Alipompoteza Mtani kwa Siku Nne

Baba yangu alikuwa jumbe wa mtaa wetu kule Temeke, kama baba yake kabla yake, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuwaza kwamba ujumbe unaweza kututoka. Sie Wazaramo ndio tuliokuwa wenye minazi, na mtaa mzima ulikuwa shangazi, mjomba na binamu.

Baada ya vita vya pili vya Wazungu, watu wa bara wakaanza kumiminika kutafuta kazi bandarini. Baba aliwapokea kwa mikono miwili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ndivyo alivyokuwa akisema. Kila mwaka mjomba mmoja aliuza shamba lake akahamia Mbagala, na mahali pake akajenga mtu wa bara.

Aliyempenda kuliko wote ni kuli mmoja wa Kinyamwezi, jirani yetu. Wanyamwezi ni watani zetu, na mtani hana shikamoo wala hodi. Asubuhi akipita barazani anafoka, "We mvivu wa madafu, bado umelala?" Baba anamjibu, "Pita huko, mpagazi, mzigo unakungoja!" Babu alipofariki, mtu yule aliingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Tulicheka huku machozi yakitutoka. Mie nilimpenda kama amu yangu, siwafichi.

Siku moja Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyesimamia wilaya, akaleta habari kwamba sasa jumbe atachaguliwa na wakazi wote. Mtani akadakia palepale, "Basi jumbe ni mie, na we utanifagilia uwanja." Baba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mama hakucheka.

"Mume wangu, pita kwa watu uwaombe. Siku hizi watu wa bara ni wengi kuliko sie."

"Utani huo, mke wangu. Kwani we huujui utani?"

Hakumwomba hata mtu mmoja. Mbishi yule, jamani!

Siku yenyewe wagombea walisimama uwanjani, na kila mwanamume akapanga mstari nyuma ya amtakaye. Mtani aliposimama mbele, Baba bado alikuwa akitabasamu. Mstari wa mtani ukaenda mpaka ukazunguka kisima. Wa Baba ulikuwa na wazee wachache, binamu wawili na Mwarabu wa dukani. Wajomba wote walikuwa Mbagala, na mkazi wa Mbagala hakuwa na ruhusa ya kupanga mstari Temeke. Niliona uchungu, wallahi, nikatamani kumrushia mtani mawe.

Siku tatu Baba hakukaa barazani. Siku ya nne mtani akaja, kavaa kanzu, akabisha hodi taratibu, akainama.

"Shikamoo, mzee."

Baba aliruka kama kaunguzwa na chai. Siku ya mstari hakutoa chozi, lakini sasa machozi yalimjaa machoni.

"Ujumbe umeshauchukua, na ni halali yako, watu wamekutaka. Na utani nao unauchukua? Mie nibaki na nini hapa?"

Mtani akanyoosha mgongo. Kisha akapaza sauti, mtaa mzima ukasikia: "Basi toka nje, zee zembe we! Watu wanagombea mipaka ya viwanja, na mie sijui minazi ya nani ilianzia wapi!"

Baba akavaa makubadhi yake, akatoka naye, akimtukana njia nzima.