Ukurasa Ambao Mwalimu Kabemba Hakuusoma

Ukimtafuta mwalimu Kabemba pale Kapata, ulizia nyumba yenye mlango wa buluu uliopauka, na ujiandae kukaa, maana yeye hajui salamu fupi. Miaka thelathini na mmoja alifundisha historia darasa la sita la sekondari. Alivijua vita vingi ambavyo hakuvipigana, lakini kipenzi chake kilikuwa kimoja, Waterloo.

Kila mwaka, kabla ya mtihani wa taifa, aliwatoa wanafunzi uani na kuwapanga mraba, migongo ndani, nyuso nje. Hao ndio Garde, askari wa miguu wateule wa Napoleon, wenye masharubu na kofia ndefu za manyoya ya dubu, watu waliowekwa akiba mpaka jua lielekee kuzama na mambo yawe yameharibika. Mwalimu aliwazunguka akiwarushia vipande vya chaki. Aliyepigwa amekufa, anaketi vumbini. Waliobaki wakisikia "Serrez!" wanasogeleana kuziba pengo. Mraba ulipungua ukawa pembetatu, hadi wakabaki watatu wanaocheka, mabega yamebanana. Hapo mwalimu alipaza sauti: "Garde habakimbiake," yaani Garde huwa hawakimbii. Kisha kengele ililia na watu wakaenda nyumbani.

Kitabu chake, ambacho mchwa walishakula jalada, kilikuwa na ukurasa mmoja zaidi. Kilisema Garde walipanda mlima kwenye matope, wakapigwa risasi mbele na ubavuni, wakasita, wakarudi nyuma. Wengine walisimama kwenye miraba yao, ni kweli, lakini hao nao walirudi hatua kwa hatua, na mwisho wengi walikimbia ili waishi. Ukurasa huo mwalimu hakuusoma darasani hata mara moja. Aliona unaharibu somo.

Sadrack na Gloire walikuwa kwenye pembetatu ya mwisho ya mwaka wao. Walipata diploma, kazi hawakuipata, wakaingia mashimoni kuchimba kobalti. Walikuwa vijana saba wa darasa moja, na timu yao waliiita Garde. Mwalimu aliposikia jina hilo alifurahi wiki nzima.

Mwaka huu, mvua za mwisho zilipolowesha ardhi, udongo ulianza kuwadondokea huko chini. Wachimbaji wengine walikimbilia kamba ya kupandia. Sadrack aliita "Serrez!" na wenzake wakakusanyika mgongo kwa mgongo, wakingoja zamu yao ya kupanda. Gloire peke yake alichomoka. Wote waliokimbia walitoka hai. Waliosimama, sita, walifunikwa.

Kwenye kilio cha Sadrack, Gloire alikuja kuketi karibu na mwalimu. Siku tatu alikuwa hajatia kitu mdomoni.

"Mwalimu, mi nilikimbia," alinong'ona. "Mu ile Garde ya Napoleon, hakuna hata mumoja alikimbia?"

Mwalimu alilijua jibu, na alijua lingemtua kijana mzigo. Alikuwa ameshafungua mdomo pale mama Laurentine, mamake Sadrack, alipogeuka kwenye mkeka, macho yamevimba, na kumshika mkono mbele ya watu wote.

"Banasema mutoto yangu hakukimbia. Njo vile ulimufundisha, tata mwalimu?"

Amwambie nini mama huyu? Kwamba mwanawe alikufa kwa somo lililokatwa mkia? Mimi namhurumia mwalimu, lakini nasema wazi kwamba aliogopa.

"Njo vile, mama," alikubali. "Garde habakimbiake."

Mama Laurentine aliachia machozi, na kifua chake kikatulia kidogo. Gloire aliitikia kwa kichwa, polepole, akainuka, akaondoka bila kuaga.

Mwalimu hakulala. Asubuhi alikitia kitabu kwapani, ukurasa ule ameukunja pembe, akaenda kwa kina Gloire. Njiani alirudia maneno atakayosema, kama mwanafunzi anayekwenda mtihani wa mdomo. Alimkuta dada mtu, Mignonne, anafagia uwanja. Dada huyo alimwambia kwamba Gloire ameondoka alfajiri na taa yake ya kichwani. Amepata timu nyingine, kwenye shimo lililo jirani na lile lililoanguka.

Mwalimu aliuliza kama ameacha neno lolote.

Mignonne aliegemea ufagio. "Alisema hata udongo ianguke, safari hii hatakimbia."